Baridi Itokayo Chini: Siku Mbili katika Msitu wa Virginia

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu baada ya kuwasili kwangu katika jimbo la Virginia, nchini Marekani, dada yangu hakunipa jembe. Alileta mfuko mkubwa uliofungwa kamba mdomoni, akauweka mbele yangu, akasema, "Kaka, hivi ni vitu vya marehemu. Kijana anataka kwenda navyo mlimani. Mimi simzuii, ila nachelea baridi."

Marehemu huyo ni shemeji yangu, aliyefariki dunia majira ya baridi yaliyotangulia. Wakati wa msiba sikujaaliwa kufika; nilisoma hitima nikiwa kwetu Tanga, nikabaki na deni moyoni. Nilipofika, eda ya dada yangu ilikuwa imekwisha zamani, mirathi imegawanywa, na sauti za watoto zimeanza kurudi ndani ya nyumba. Lakini mwanawe mkubwa, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 13, alikuwa na neno moja tu. Kila mwaka, majani ya miti yanapogeuka rangi, baba yake alikuwa akimchukua kwenda kulala msituni siku mbili chini ya mlima Massanutten. Mwaka huu msimu ulikuwa ukipita, na hapakuwa na wa kumpeleka.

Niliufungua mfuko. Ndani yake mlikuwa na machela mbili. Sisemi machela za kubebea wagonjwa, ingawa jina ni moja. Hizi ni nguo ndefu za nailoni, kiasi cha mita tatu na ushei, ambazo ncha zake mbili hufungwa kwenye miti miwili, mtu akalala katikati akining'inia. Ni maarifa ya kale ya watu wa Taino wa visiwa vya Karibiani. Wazungu waliofika huko na Columbus mwaka 1492 waliwakuta wakilala hivyo, wakayachukua maarifa hayo, na baadaye mabaharia wa Ulaya wakawa wanalala katika machela melini kwa muda wa karne nyingi.

Pamoja na machela hizo mlikuwa na mifarishi miwili minene, iliyojazwa manyoya laini ya bata. Ilikuwa imeshonwa kwa mkono, na mishono yake haikunyooka sana. Dada yangu alinieleza kuwa mumewe aliitengeneza mwenyewe, usiku baada ya kazi, kutokana na mablanketi ya kawaida. Kamba za mpira zilizopitishwa katika mapindo yake zilikuwa zimekufa. Nilipozivuta hazikurudi, moja ilikatika mkononi mwangu kama uzi uliooza.

Hapa yafaa nieleze kazi ya mfarishi huo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa siijui, na kutojua kwangu nusura kuleta madhara.

Blanketi halina moto wake. Joto tunalolisikia tukijifunika ni la miili yetu wenyewe, na kazi ya blanketi ni kuizuia isiondoke ile hewa iliyokwisha kupata joto. Hewa hiyo hukaa katika pamba au manyoya yaliyofura. Yakikandamizwa, hewa hutoka na joto hutoka nayo. Kitandani hatuoni taabu hiyo, kwa sababu godoro limetukinga chini. Mtu aliyelala katika machela hana godoro wala ardhi. Chini ya mgongo wake pana kitambaa chembamba na upepo unaopita. Akitandika blanketi ndani ya machela na kulilalia, uzito wake mwenyewe hulibana likawa kama karatasi. Ndiyo maana wenye uzoefu huuning'iniza mfarishi nje, chini ya machela, usilaliwe na mtu, bali umfuate mlalaji kama kivuli na kuugusa mgongo wake pasipo kubanwa. Kwa hiyo kazi nzima ya joto imo katika kamba zinazoushikilia mfarishi huo.

Dada yangu alikuwa tayari kununua mifarishi mipya. Kijana alikataa kwa upole. "Hii ameishona Baba," alisema, na mjadala ukaisha.

Kabla sijashika sindano nilimwomba ruhusa. Vitu vile vilikuwa vimemwangukia yeye katika mgao, kwa ridhaa ya warithi wote. Kila Muislamu ajua uzito wa mali ya yatima, hata iwe ni kamba iliyooza. Nilimuuliza, "Mwanangu, unaniruhusu nizitoe kamba hizi nitie nyingine?" Alinitazama kwa muda, kama anayepima, kisha akasema, "Ndiyo, Mjomba. Lakini usikate mishono."

Sikukata mishono. Nilizitoa zile kamba za mpira, nikapitisha mahali pake kamba imara za nailoni zisizovutika. Mimi ni mtoto wa mtu aliyekuwa akitanda vitanda vya kamba. Nimekulia nikimwona marehemu baba yangu akizikaza kamba za makumbi, tendegu hadi tendegu, mpaka kitanda kikitoa mlio ukikigonga kwa kidole. Kwake kamba iliyolegea ilikuwa aibu. Basi nami nilikaza.

Mpwa wangu alisimama kando. "Mjomba," alisema, "Baba alikuwa akitumia kamba za mpira."

"Mpira ndio huu uliokufa, mwanangu," nilimjibu. "Kamba njema haivutiki."

Akanyamaza.

Tuliondoka Ijumaa baada ya swala, mwishoni mwa Oktoba. Kutoka viunga vya Washington barabara kuu huelekea magharibi, na baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi mtu hujikuta katika bonde la mto Shenandoah. Mji mdogo wa Strasburg upo hapo, na juu yake umesimama Massanutten, mlima mrefu ulionyooka kama ukuta kwa kiasi cha kilomita 80, ukiligawa bonde hilo, tawi moja la mto likipita huku na la pili likipita kule. Ncha yake ya kaskazini huitwa Signal Knob. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wanajeshi walikaa pale wakipelekeana habari kwa ishara za bendera. Mbele kidogo ya mji, barabara nyembamba hugeukia kusini na kuingia katikati ya mlima wenyewe, kwa maana Massanutten una bonde jingine lililofichwa ndani yake, na kijito kiitwacho Passage Creek hutokea humo kwa njia ya mwanya mwembamba wa mawe.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pao. Ni sehemu ya Msitu wa Taifa wa George Washington, karibu na magofu ya tanuri la chuma la karne ya 19. Sisi wa pwani twajua miembe na minazi ambayo haivui nguo mwaka mzima. Miti ya kule ilikuwa katika siku zake za mwisho za fahari: mialoni imekuwa ya rangi ya kahawia, mingine ya njano kama bizari, na kila upepo ulipopita majani yalianguka bila pupa, yakafunika njia na mawe. Kijana alitembea mbele yangu pasipo kusema, akifuata alama alizozijua yeye. Akasimama kati ya mialoni miwili. "Hapa," alisema.

Tulizifunga machela kwa mikanda mipana ya zaidi ya sentimita mbili na nusu, ili tusiyajeruhi maganda ya miti. Kamba nyembamba hulikata ganda, na mti hupitisha chakula chake humo. Vyakula tulivitenga mbali na tulipolala, kwa sababu msitu ule una dubu weusi. Tulitawadha katika kijito, maji yakiuma vidole kama barafu, tukaswali Magharibi juu ya majani makavu. Isha ikafuata, na giza lilipokamilika kila mmoja aliingia katika machela yake, blanketi juu na mfarishi wangu niliouamini chini.

Niliamka yapata saa nane za usiku. Kifua changu kilikuwa na joto, lakini mgongo ulikuwa kama umelazwa juu ya bamba la chuma. Nilipeleka mkono chini nikaelewa kosa langu. Machela hubadilika umbo mtu anapoingia: hushuka, huvutika, hutanuka kiunoni na kubana miguuni. Kamba yangu isiyovutika haikuweza kuifuata. Chini ya kiuno mfarishi ulikuwa umebanwa mpaka manyoya yamelala, na penye mabega na ncha za miguu ulikuwa umeachana na machela, pakabaki uwazi wa kupitisha ngumi. Upepo wa bonde ulikuwa ukiingia kichwani na kutokea miguuni kama unaopita katika ukumbi wa nyumba.

Kisha nikasikia sauti ndogo kutoka machela ya pili. Yalikuwa meno.

Nilimmulika. Macho yake yalikuwa wazi, magoti ameyakunja hadi kidevuni, na mwili unatetemeka. Sijui alikuwa katika hali ile kwa muda gani. Nilimbeba, ingawa ni kijana mkubwa, nikampeleka ndani ya gari, nikawasha injini na joto, nikamvika kila nguo tuliyokuwa nayo, nikammiminia chai ya tangawizi iliyobaki katika chupa. Baridi ya mlimani haina mchezo. Mtu akiachwa kutetemeka usiku kucha huweza kufika mahali ambapo mwili huacha hata kutetemeka, na hapo ndipo hatari yenyewe. Nilikaa nimemkumbatia mpaka mikono yake ikapata uvuguvugu, nami nikimfikiria dada yangu aliyeniambia neno moja tu: nachelea baridi.

"Kwa nini hukuniita?" nilimuuliza.

"Ulikuwa umelala, Mjomba."

"Na jana, nilipokuwa nikifunga zile kamba, kwa nini hukuendelea kusema?"

Alikiangalia kikombe. "Nilisema mara moja. Baba alinifundisha nisibishane na mkubwa."

Ndugu msomaji, sikuwa na la kujibu. Adabu ile ndiyo tunayoililia kwa watoto wetu waliozaliwa ughaibuni. Nami nilikuwa nimeitumia kama kifuniko. Mtoto alikuwa na elimu niliyoikosa, aliyoachiwa na baba yake, na alinikabidhi kwa heshima kamili. Mimi niliitupa kwa sentensi moja ya kujisifia kamba njema. Nilimwomba msamaha, palepale ndani ya gari. Alishangaa, kisha akalia, na nadhani hakuwa akililia baridi. Tangu nifike nchini mwao hakuwa amelia mbele yangu. Alinisimulia habari za baba yake mpaka wakati wa Alfajiri.

Asubuhi nilimwambia, "Leo wewe ndiye fundi, mimi ni mshika taa." Tulirudi Strasburg, tukanunua kamba ya mpira iliyofumwa juu yake kwa uzi, unene wa milimita tatu, urefu wa mita 12, kwa dola chache tu. Tuliporudi msituni alikaa juu ya jabali, akanionyesha kazi aliyojifunza kwa kutazama.

Kila mfarishi una mapindo mawili marefu, kama upindo wa suruali unaopitishwa utepe. Katika kila pindo alipitisha kamba ya mpira kutoka kichwani hadi miguuni, na kila ncha akaifunga kitanzi. Vitanzi viwili vya upande wa kichwa huangikwa kwenye kulabu moja pale machela inapokutana na mkanda wake, na vya upande wa miguu vivyo hivyo. Mtu akiingia na machela ikashuka, mpira hushuka nayo. Akigeuka ubavu, hugeuka naye. Pindo la mfarishi mmoja lilikuwa limechanika pembeni, nasi hatukuwa na sindano. Akaokota kijiwe cha mviringo kutoka kijitoni, akakitia ndani ya pembe ya nguo, akaizungushia kamba shingoni mwa kile kijiwe na kukaza. Pembe ile ikashika bila kutoboka hata tundu moja. "Hii ni ya dharura," alisema. "Baba alinifundisha mvua ilipotuchania turubai."

Nilimuuliza kama zile kamba zangu za nailoni zimekuwa hasara. Akafikiri. Akasema zingefaa ikiwa sehemu ndefu ni nailoni na kipande kifupi cha mpira kikaungwa katika kila ncha, kwa kuwa mpira mrefu nao una kasoro zake: baridi kali hupunguza mvuto wake, huzeeka, na mfarishi mzito huuvuta ukaning'inia mbali na mgongo. Kwa hiyo hata ukaidi wangu ulikuwa na mahali pake, mradi usishike kamba nzima peke yake.

Ncha za mfarishi zilikuwa na kamba zake fupi za kukusanyia nguo, kama za kofia ya koti. Kazi yake ni kuuziba ule mwanya wa kichwani na miguuni, ambao ndio mlango wa upepo.

Kisha yakaja majaribio, na hili ndilo nililolikosa zaidi nilipokuwa nyumbani: nilifunga kamba nikatazama kwa macho, machela ikiwa tupu. Mfarishi haupimwi ila mtu akiwa ndani. Aliingia, nami nikapitisha kiganja kati ya machela na mfarishi, mabegani, kiunoni, miguuni. Mkono ukipita kwa uhuru mno, pana uwazi, kamba zipunguzwe. Ukikuta manyoya yamebanwa na kiuno, kamba zimekazwa kupita kiasi, zilegezwe. Ukipita ukiguswa pande zote mbili kwa ulaini, hapo ndipo. Tulifanya hivyo mara tatu kwake na mara nne kwangu, kwa kuwa mimi ni mzito, naye alicheka.

Usiku wa pili ulikuwa baridi kuliko wa kwanza. Nililala nikiwa nimeacha sikio moja wazi, lakini sikusikia meno. Nilisikia kijito, na pumzi za mtoto aliyelala fofofo.

Alfajiri yeye ndiye aliyeniamsha. Mbingu zilikuwa safi. Alinionyesha Nyota ya Kaskazini juu ya mlima, ambayo sisi wa Tanga hatuioni kamwe, kwa kuwa nchi yetu ipo kusini ya mstari wa ikweta. Kwetu tukisimama kuswali twaelekea kaskazini takriban moja kwa moja. Kule Virginia qibla ni kaskazini mashariki, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Alijipanga kwa nyota ile, akageuka kuliani kwa kipimo alichofundishwa na baba yake, akasimama. Nikamwambia aadhini. Sauti yake iko katika umri wa kubadilika, ikavunjika katikati, akaendelea. Majani yalikuwa yakianguka.

Tuliporudi nyumbani, dada yangu hakuuliza tuliona nini. Aliushika mgongo wa mwanawe kwa kiganja, kama anayepima homa, akaniuliza, "Hakupata baridi?" Nilimweleza yote, pamoja na usiku wa kwanza, kwa sababu amana haifichwi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba yake naye, mara ya kwanza walipokwenda, walilala garini."

Nimerudi Tanga nikiwa na mengi ya kusimulia kuhusu nchi ile, barabara zake na misikiti yake, lakini jambo ninalolirudia kwa wazazi na walezi ni dogo. Watoto wetu tunawafunika juu: tunawalipia ada, tunawavisha, tunawalisha. Baridi inayowaumiza mara nyingi huingia kwa chini, mahali tusipotazama, na mtoto mwenye adabu hatapiga kelele. Zaidi sana yatima, ambaye amezoea kuona kuwa taabu yake inawaongezea wakubwa huzuni. Mlezi asitosheke kutazama kwa macho akaona kamba zimenyooka. Na apitishe mkono, aulize, na akiambiwa jambo mara moja tu, alichukulie kama ameambiwa mara kumi.

Mfuko ule umerudi katika ghala ya dada yangu, kamba zikiwa zimelegezwa ili mpira upumzike mpaka mwaka ujao, inshaallah. Kijiwe cha kijitoni hakijatolewa katika pembe yake, kijana amekataa. Mwenyezi Mungu amrehemu shemeji yangu, aijaalie mishono yake isiyonyooka kuwa sadaka inayoendelea, na awahifadhi mayatima wote wa Kiislamu. Amin.